Kwenye Fomu Niliandika Sina Mtoto

Nina mtoto. Maneno mawili tu, hata mtoto wa darasa la kwanza anaweza kuyaandika. Mimi niliyesoma mpaka chuo kikuu, mimi niliyelipwa miaka mingi kuandika maneno ya mataifa, nilishindwa kuyaandika. Kosa ni langu. Si la serikali, si la mwanamume aliyenipa mimba, si la dada yangu. Ni langu!

Jina langu sitalitaja, maana ninayemzungumzia yuko hai na amechoshwa vya kutosha. Yeye nitamwita Achieng. Dada yangu nitamwita Risper. Watu wa Kisumu mkisoma gazeti hili mtanijua tu, lakini nawaomba mninyamazie.

Nilizaliwa Kaloleni ya Kisumu, kwenye zile nyumba za manispaa. Baba alikuwa mfanyakazi wa maji ya mji. Mama alifariki nikiwa mdogo sana, na aliyenilea ni Risper, dada yangu mkubwa. Aliacha shule ili mimi nisome. Baadaye aliolewa Usenge na mnunuzi wa samaki, lakini mume akafa kabla hawajapata mtoto. Risper akarudi kwa Baba akawa anauza omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni. Mashemeji zake wa Usenge hawakumtupa. Ndio waliokuwa wakimpa omena, na kila akienda alilala kwao kama zamani.

Nilipata mimba nikiwa mwaka wa mwisho chuoni Nairobi. Mwanamume mwenyewe nilipomwambia, alihama bweni. Nikarudi Kisumu, nikajifungua mchana wa jua kali, ndiyo maana hapa nimemwita Achieng, jina la Kiluo la msichana wa mchana. Aliyemshika kwanza ni Risper. Alimnusa kichwani akacheka peke yake.

"Sasa tuko na mtu kwa hii nyumba," akasema.

Nikapata kazi wizarani, Nairobi. Mtoto alibaki Kaloleni, nami nilikuja na treni kila mwisho wa mwezi. Achieng alikuwa akinikimbilia mlangoni na miguu yake iliyojaa vumbi, anapiga kelele "Mama! Mama!" Ndiyo, wakati ule aliniita Mama. Nakumbuka mpaka leo. Wacha tu!

Alipofika miaka miwili na nusu, ikatangazwa kwamba wanatakiwa maofisa vijana wa kupelekwa Geneva, kwenye ofisi yetu inayoshughulika na mashirika ya kimataifa. Nilitaka kwenda, jamani! Msichana wa Kaloleni, binti wa fundi wa mabomba, akae kwenye meza moja na wazungu na Wahindi na Wajapani, mbele yake kuna kibao cha jina la nchi yake! Sikulala vizuri wiki nzima.

Tukapewa fomu. Ukurasa wa pili ukauliza: Umeolewa? Nikaandika hapana. Idadi ya watoto?

Hakuna mtu aliyeniambia kwamba msichana mwenye mtoto hatachukuliwa. Hakuna sheria niliyoisoma. Ilikuwa hofu yangu mwenyewe, na aibu ya kuzaa bila mume, na umbea wa mezani wakati wa chai. Nilikaa na kalamu nikaangalia ile nafasi ndogo. Halafu nikaandika: Hakuna.

Yawa! Mkono huu huu ninaoandikia sasa.

Risper nilimwambia ni miaka miwili tu. Hakuniuliza kuhusu fomu, na mimi sikumwambia. Siku ya kuondoka alimbeba Achieng mgongoni mpaka stesheni. Mtoto alikuwa anakula mandazi. Nilipombusu hakulia, alinisukuma uso kwa mkono wenye mafuta kwa sababu nilikuwa namzuia kula. Nilipanda treni nikiwa na mafuta hayo shavuni, na nilijipongeza kwamba mtoto hakulia. Mjinga mimi!

Geneva nilifanya kazi vizuri, lazima niseme ukweli. Nilijifunza Kifaransa kwa miezi minane. Nilijua nani anakaa wapi, nani anamsikiliza nani, wakati gani wa kuomba kuzungumza na wakati gani wa kunyamaza. Kazi yetu ilikuwa maneno. Tungeweza kukaa siku nzima, nchi zaidi ya arobaini, tukibishana kama sentensi iseme "lazima" au iseme "inapowezekana". Mimi nilikuwa hodari wa kutafuta neno la katikati, neno ambalo kila mtu analikubali kwa sababu halimfungi mtu yeyote. Wakubwa walinisifu. "Huyu msichana ana kipaji," walisema.

Sasa sikilizeni jambo hili, na mkitaka kunilaani mnilaani. Miaka ile kulikuwa na kikao cha kuandika mkataba kuhusu watoto wa dunia, na mimi ndiye niliyetumwa kukaa humo. Asubuhi moja tulijadili kifungu kwamba mtoto asitenganishwe na wazazi wake. Niliomba kuzungumza. Nikatoa hoja, hoja nzuri, ikakubaliwa. Mama mmoja mjumbe, mtu mzima wa nchi ya mbali, alinifuata wakati wa kahawa akanishika mkono.

"Umesema kama mzazi," akaniambia. "Una watoto wangapi?"

"Sina," nikamjibu.

"Basi Mungu atakupa."

"Amina," nikasema. Nikanywa kahawa.

Ile miaka miwili ikawa mitatu. Nilipopata likizo ya kwanza ya kuja nyumbani, Achieng alikuwa na miaka mitano na nusu. Nilikuwa nimemnunulia viatu vyekundu vya ngozi, nimekisia mguu. Havikuingia. Hata kidole hakikupita! Nilikuwa nimenunua viatu vya yule mtoto wa stesheni.

Achieng alisimama nyuma ya Risper ameshika leso yake. "Mama, huyu ni nani?" akamuuliza.

Risper akaniangalia. Aliningoja mimi niseme. Na mimi, mtu wa maneno, sikusema kitu.

"Huyu ni anti," Risper akasema polepole. "Msalimie anti."

Jioni hiyo tukiwa tunachagua mchele, dada yangu akaniambia, "Nyamera, ndugu yangu, hii mambo si nzuri. Nimwambie kesho?"

"Umwambie nini?"

"Kwamba mama ni wewe. Bado ni mdogo, atazoea."

"Ngoja kwanza, Risper. Nikirudi kabisa tutamwambia."

"Unarudi kabisa lini?"

"Mwaka ujao."

Risper aliendelea kutoa mawe kwenye mchele. Alijua ninadanganya. Lakini pia, nimekuja kuelewa baadaye, alikuwa anaogopa nikisema ndiyo. Alikuwa ameshampenda mtoto yule kama wa tumbo lake. Nilimwachia mzigo na furaha kwa pamoja, halafu nikamwachia kazi ya kuamua. Ole wangu!

Sikurudi mwaka ule. Shirika moja kubwa la kimataifa lilinichukua, na sasa sikuwa tena mtu wa serikali, nilikuwa mtumishi wa mataifa yote. Nikahamia New York, baadaye Vienna, baadaye Addis Ababa. Kila mahali fomu. Na shirika lile, msikie vizuri, lilikuwa linawasaidia wafanyakazi wake kusomesha watoto, linawaleta watoto waishi na wazazi. Ningeandika jina la Achieng na umri wake, angekuja! Lakini fomu yangu ya zamani ilisema sina mtoto. Nikaona wataniuliza: huyu wa miaka saba ametoka wapi? Wataniita mwongo. Nitafukuzwa.

Nikaandika tena: Hakuna.

Mara ya kwanza nilikuwa msichana mwoga. Mara hii nilikuwa mwanamke mzima ninayejua ninachofanya.

Nilikuja nyumbani kila baada ya miaka miwili. Nilikuwa anti wa zawadi. Achieng alikuwa akinionyesha madaftari yake, ananisomea Kiingereza, anataka nimfundishe Kifaransa kidogo. Alikuwa na akili! Baba alifariki katika miaka hiyo, Risper akabaki na nyumba ya Kaloleni na mtoto. Mtaani watu walijua ukweli, lakini watu wazima walimheshimu Risper, wakafunga midomo. Watoto hawafungi midomo.

Achieng alipokuwa darasa la sita aliniandikia barua. Ilinifikia ofisini Vienna, imetumwa kupitia shule, kwenye karatasi ya daftari la mwandiko. Nitainakili hapa kama ilivyokuwa, kwa maana naijua kwa moyo.

"Kwa Anti mpendwa. Natumaini hujambo, mimi sijambo. Nimekuwa nambari tatu. Nina swali moja. Msichana wa darasa letu anasema ati wewe ndiye mama yangu, na Mama ni dada yako tu. Ni kweli? Nijibu ndiyo ama hapana. Usimwambie Mama nimeuliza, atalia. Ni mimi, Achieng."

Nilifunga mlango wa ofisi. Nililia mpaka katibu wangu akabisha hodi. Halafu, jamani, nilipomaliza kulia nilichukua karatasi nikaanza kuandika jibu, na mkono wangu ukafanya kile ulichozoea kufanya. Niliandika rasimu nne. Ya kwanza ilikuwa na neno ndiyo. Ya pili ilikuwa na neno ndiyo, lakini mwishoni. Ya tatu ilieleza hali ilivyokuwa ngumu zamani. Ya nne ndiyo niliyoituma.

"Mpendwa Achieng. Nimefurahi mno kupata barua yako na kusikia umekuwa nambari tatu. Swali lako ni zuri na la maana, na tutalizungumza kwa kirefu wakati ufaao. Kwa sasa kitu muhimu ni masomo. Mtii mama."

Mtii mama! Sikusema mama yupi. Nilikuwa nimetafuta neno la katikati na nikalipata. Nilimjibu mwanangu kama ninavyojibu nchi nisiyotaka kuikosea wala kuisaidia.

Hakuniandikia tena. Nilipokuja likizo iliyofuata alinisalimia vizuri, akanipikia chai, akaondoka kwenda kusoma kwa rafiki yake. Madaftari hakunionyesha.

"Mbona mtoto amebadilika?" Risper aliniuliza. "Mlikosana kwa barua?"

"Hapana," nikasema. "Ni umri tu."

Hata dada yangu nilimdanganya, yule aliyeacha shule kwa ajili yangu!

Miaka ikaenda. Achieng akaingia sekondari, mimi nikapanda cheo. Ziwa lilikuwa limeanza kujaa gugumaji, na Risper aliniambia kwenye simu kwamba mashua za Usenge zinashindwa kutoka, omena imekuwa shida. Nilimsikiliza kama mtu anayesikiliza habari za nchi nyingine. Simu hizo alizipiga kutoka posta, amepanga foleni, na mimi nilikuwa naangalia saa kwa sababu nina mkutano.

Siku moja alinipigia sauti yake ikiwa nyembamba. Achieng alikuwa kidato cha nne. Risper akaniambia ana uvimbe kwenye titi, ameuficha muda mrefu, sasa madaktari wanasema umesambaa.

"Nyamera, kuja," akasema. "Kuja umwambie mtoto mwenyewe. Mimi nikiwa bado nina nguvu ya kukaa. Nitamshika mkono, wewe umwambie. Hatashtuka sana nikiwa hapo."

Nilikuwa Addis Ababa. Kutoka Addis mpaka Nairobi si mbali. Lakini wiki ile nilikuwa nimechaguliwa kuongoza kamati, mara yangu ya kwanza kukaa kiti cha juu, nchi zote zinanitazama. Nilikuwa nimekingojea kiti hicho miaka kumi na mitano.

"Risper, kikao kinaisha Ijumaa ya wiki ijayo. Jumamosi niko Kisumu."

Nilisikia watu wa posta wakizungumza nyuma yake.

"Sawa," akasema. "Maliza kazi."

Alifariki Jumatano. Mimi nilikuwa nimeshika nyundo ya mbao, natangaza kwamba kifungu kimepita bila kupingwa. Walinipitishia karatasi mezani. Nikaisoma, nikaigeuza chini, nikaendelea na kifungu kilichofuata. Nyasaye, Mungu wangu, anisamehe! Niliendelea na kifungu kilichofuata.

Tulimzika Usenge, nyumbani kwa mume wake, kama desturi yetu. Watu walijaa, wanawake wa soko la Kisumu walikuja na lori zima. Mshereheshaji alisoma habari za marehemu kwenye mikrofoni. "Ameacha binti mmoja, Achieng," akasoma, "na dada mmoja ambaye ni mwanadiplomasia mkubwa wa kimataifa." Watu wakageuka kuniangalia.

Achieng alizungumza kama binti. Alisimama na sare ya shule, hakulia, akasema jinsi mama yake alivyokuwa anaamka kupanga foleni ya maji ili yeye apate muda wa kusoma, na jinsi alivyojifunza kusoma Kiingereza ukubwani kutoka kwa vitabu vyake vya darasa la pili, ili amsaidie kazi ya shule. Mimi nilikuwa sijui jambo hilo. Nilikuwa sijui dada yangu alijifunza kusoma Kiingereza.

Kisha nikapewa mikrofoni mimi. Ndiyo ilikuwa nafasi! Jeneza liko hapo, watu wa ukoo wako hapo. Nikasema, "Kwa niaba ya familia, napenda kutoa shukrani kwa wote mliofika." Nikashukuru kanisa, chifu, wanawake wa soko. Niliongea dakika kumi. Kila mtu alisema nimeongea vizuri.

Kesho yake asubuhi nilimfuata Achieng ufuoni. Alikuwa amekaa na Mama Dolfina, yule shemeji mkubwa wa Risper, mwanamke wa Usenge aliyekuwa akimpa omena miaka yote. Matanga au si matanga, jua lilikuwa limetoka na omena lazima igeuzwe, kwa hiyo wanawake walikuwa wameinama kwenye nyavu wakifanya kazi. Mama Dolfina aliponiona aliinuka akatuacha.

"Achieng," nikasema. "Kuna jambo nilipaswa kukuambia zamani. Mimi ndiye mama yako. Nilikuzaa mimi."

Hakuinua uso. "Najua, Anti."

"Unajua?"

"Najua tangu darasa la sita. Nilikuuliza, ukanijibu. Ile barua yako nimeisoma mara nyingi sana. Nilifikiri labda mimi ndiye sielewi Kiswahili vizuri. Nilikuwa natafuta ni wapi umesema ndiyo." Akageuza omena kwa kiganja. "Nikampelekea mwalimu anisomee. Mwalimu akasema, hapa hajasema kitu."

Nilipiga magoti pale kwenye mchanga. Watu waliona. Sikujali.

"Nisamehe, nyathina, mwanangu. Niko hapa sasa. Nitakuchukua. Utaishi na mimi, utasoma popote unapotaka."

"Anti, inuka," akasema kwa upole. "Mavazi yako yatachafuka. Mimi mama yangu tumemzika jana."

Nilirudi Addis nikaenda moja kwa moja kwa bosi wa idara ya wafanyakazi, mama mmoja mpole wa nchi nyingine. Nikamwambia yote, tangu fomu ya kwanza. Nilitegemea anifukuze. Alivua miwani akanitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa.

"Lakini kwa nini hukusema?" akauliza. "Tuna wanawake wengi hapa wenye watoto na hawana waume. Ungeleta cheti cha kuzaliwa, tungebadilisha siku hiyo hiyo."

Siku hiyo hiyo! Wenzangu, mnasikia? Kitu nilichokiogopa zaidi ya miaka kumi na mitano hakikuwapo. Nilimpoteza mtoto kwa kukimbia kivuli.

Nilipewa barua ya onyo kwa kusema uongo, na kile cheo kilichokuwa kinanisubiri kikaenda kwa mwingine. Sikulalamika. Nilijaza fomu mpya, nikaandika jina la mwanangu kwa herufi kubwa. Alikuwa ameshatimiza miaka kumi na minane, kwa hiyo ilihitajika sahihi yake. Nikaituma Kisumu. Ikarudi baada ya wiki tano bila sahihi, na kijikaratasi ndani: "Anti, asante kwa kunifikiria. Mimi ni mtu mzima sasa. Mama alishanilea."

Niliacha kazi mwaka uliofuata. Nimerudi Kisumu, nimepanga nyumba si mbali na ziwa. Watu wananiita Balozi, ingawa sikuwahi kuwa balozi. Vijana wananiomba niwaandikie barua za kuomba kazi nje. Kanisani wananiweka benchi la mbele. Hakuna anayejua kwamba nikirudi nyumbani nakaa tu.

Achieng alikwenda chuo cha ualimu, sasa anafundisha, na bado anaishi katika nyumba ile ya Kaloleni. Namtembelea Jumapili mbili kwa mwezi, si zaidi, maana sitaki kumchosha. Ananipa kiti kizuri. Ananiuliza habari za presha yangu. Mwaka jana nilimwomba msamaha kwa mara nyingine, na akanijibu bila hasira yoyote, "Nilikusamehe zamani, Anti." Natamani angenitukana! Mtu anayekutukana bado ana kitu anachokidai kwako.

Miezi mitatu iliyopita alinitumia ujumbe kwa jirani. Kuna kijana mwalimu mwenzake anataka kumwoa, na watu wa upande wa kijana wanakuja Kaloleni kwa ayie, ile siku ambayo wanakuja kumwona mama wa msichana ili aseme amekubali. Nilipopata ujumbe huo moyo wangu uliruka, sitaficha. Nilikwenda kushona nguo. Nilimwambia fundi ni nguo ya mama wa bibi harusi.

Siku mbili kabla, Achieng akaja mwenyewe kwangu. Alikaa ukingoni mwa kiti.

"Anti, Jumamosi ukiweza kuja mapema, tunahitaji watu wa kusaidia jikoni."

"Nitakuja," nikasema. "Nitakuja saa moja."

Nilivaa nguo nyingine. Nilimenya viazi, nilikaanga samaki, nilichemsha chai ya sufuria kubwa pamoja na wanawake wa mtaa. Hakuna aliyeniuliza kitu, na nilishukuru kwa hilo. Wageni wakafika, wakaketi sebuleni, wakaomba dua. Mimi nikatokea mlangoni nimeshika chupa ya chai mikono miwili, na hapo hapo mzee msemaji wa wageni akasimama.

"Tumefika salama," akasema. "Sasa tunaomba tuonyeshwe mama ya msichana wetu, tumsalimie."

Wanawake wawili wa Kaloleni, watu wazima wanaokumbuka, waligeuza macho kwangu. Chupa ikawa nzito.

Achieng akasimama. Alikuwa mrembo! "Mama yangu alifariki, Mzee," akasema. "Aliyekaa mahali pake ni huyu, Mama Dolfina wa Usenge, shemeji yake." Mama Dolfina akainua mkono, kitambaa kipya kichwani, macho yamejaa machozi. Wageni wakapiga makofi wakaenda kumsalimia mmoja mmoja.

Mzee yule alikuwa mtu wa heshima, hakutaka kumruka mtu. Aliniona mlangoni. "Na huyu mama mwingine?"

"Huyu ni anti yangu," Achieng akasema. "Alikuwa anafanya kazi nje."

Basi. Geneva, New York, Vienna, Addis, vikao vyote, kiti cha juu, nyundo. Alikuwa anafanya kazi nje. Na alisema kwa heshima, na alisema kweli. Nikamimina chai. Nilimimina kwa kila mgeni, nikarudi jikoni, nikajifunika uso kwa kanga yenye harufu ya samaki, na mwanamke mmoja jirani akanishika bega.

Ninyi mlio mbali, mliomwachia dada yenu au mama yenu mtoto mkisema ni miaka miwili tu, nawaomba! Msinihurumie mimi, mimi nimevuna nilichopanda. Mhurumieni huyo mtoto anayekuita anti, au anko, au mgeni. Usimwandikie barua, utaanza kuchagua maneno. Usingoje awe mkubwa aelewe, atakuwa mkubwa na ataelewa mengine. Usingoje cheo, kikao, wala likizo. Kama umesoma mpaka hapa na kuna jina la mtoto limekujia kichwani, weka gazeti chini. Nenda kwake leo, ukamwambie kwa mdomo wako.